Mafunzo ya Kujitambua kwa Viongozi wa Mialo na Vikundi, Mwanza: Je, Ada Yake Inalipa?

Mafunzo ya uongozi yamekuwa mengi Mwanza, na mara nyingi mshiriki huondoka na cheti cha kutundika ukutani na kidogo sana zaidi ya hicho. Haya ninayoyaeleza hapa yanaendeshwa na kikundi cha wakufunzi upande wa Nyegezi kwa ajili ya viongozi wa BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki), vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), kamati za shule na serikali za mitaa. Nilihudhuria nikiwa mweka hazina wa SACCOS, na ninawaandikia wenzangu wanaofikiria kuilipa ada hiyo kutoka mfuko wa chama, kwa kuwa fedha za wanachama hazifai kutolewa kwa sababu tu tangazo lilivutia.

Siku ya kwanza imejengwa juu ya Dirisha la Johari, zoezi lililobuniwa mwaka 1955 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham. Dirisha hilo lina vioo vinne: yale ambayo mimi na wenzangu tunayajua kunihusu, yale ambayo wenzangu wanayaona lakini mimi siyaoni, yale ninayoyajua na kuyaficha, na yale ambayo hakuna anayeyajua bado. Kwa kawaida mtu huchagua kutoka kwenye orodha maneno yanayomweleza, wenzake ukumbini nao wakamchagulia ya kwao, kisha orodha hizo zikalinganishwa. Viongozi kwa viongozi, zoezi hilo huishia kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakufunzi hawa wamelibadili kidogo, na badiliko hilo ndilo linaloyapa mafunzo yao thamani: kila mshiriki hutakiwa kuja na bahasha zilizofungwa, zilizojazwa na watu walio chini yake, kama vile karani, mlinzi, mwanachama wa kawaida au kijana wa mtumbwini.

Mzee mmoja, mwenyekiti wa mwalo upande wa Ilemela, alikuwa amejichagulia neno "msikivu" na kulipigia mstari. Bahasha zake zilipofunguliwa, hakuna hata moja iliyokuwa na neno hilo, na kadhaa zilikuwa na neno "mkali". Mkufunzi, dada ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, hakuyasoma matokeo hayo kwa sauti; alimwonyesha karatasi, akamwuliza taratibu, "Mzee wangu, mara ya mwisho kubadili uamuzi kwa sababu ya neno la kijana ilikuwa lini?" Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akakaa kimya kwa muda. "Mwanangu, sikumbuki," alisema. Hakuna aliyecheka, na mazungumzo yaliyofuata kuhusu sababu za vijana wa mwaloni kunyamaza yalikuwa ya kweli kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika semina: kijana anayemtegemea mwenye mtumbwi kwa riziki ya kesho hawezi kumkosoa mwenyekiti ambaye ni rafiki wa mwenye mtumbwi, hata mwenyekiti huyo akitangaza mara ngapi kwamba mlango wake uko wazi.

Hata hivyo, utaratibu wenyewe wa bahasha una tundu ambalo lazima lizibwe. Kwenye mwalo mdogo watu wanajuana kwa mwandiko, na mshiriki ndiye anayezibeba bahasha hadi ukumbini. Ingefaa karatasi hizo zikusanywe na mtu wa tatu, na majibu yawe ya kuweka alama tu pasipo kuandika neno lolote, kwa maana karani anayeogopa kutambuliwa ataandika sifa, na kiongozi atarudi nyumbani akiwa amethibitishiwa uongo.

Somo la mgongano wa maslahi nalo limeandaliwa na watu wanaolijua ziwa. Washiriki walipewa kisa cha kiongozi wa BMU ambaye doria yake imekamata kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, na shehena ya sangara wasiofikia sentimita 50, urefu wa chini unaoruhusiwa, kisha akagundua kwamba mwenye nyavu ni mtoto wa dada yake. Mjadala ulipamba moto. Wapo walioshika msimamo kwamba mjomba hawezi kumpeleka mpwa wake polisi, na wapo waliosema kwamba mjomba alipaswa kujitoa kwenye shauri hilo tangu dakika ya kwanza na kuwaachia wajumbe wengine. Mkufunzi hakukimbilia jibu. Aliwataka washiriki waandike kwanza walichokihisi mwilini walipolisikia jina la mpwa, kabla ya kuandika uamuzi wao. Nililiona jambo hilo kuwa la hekima, kwa sababu katika vyama vyetu maamuzi mabaya huanza na huruma iliyopewa jina la busara, na asiyeitambua huruma yake inapoingia hawezi kuiwekea mpaka.

Kisa kilichoandaliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi kilihusu MV Nyerere, kivuko kilichozama Septemba 20, 2018 karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Kabla ya kuanza, mkufunzi aliuliza kama kuna aliyepoteza ndugu na angependa kukaa nje, na mama mmoja wa Ukerewe alitoka. Waliobaki hawakuulizwa nani alaumiwe. Waliulizwa kuorodhesha kila nafasi ya kazi, kuanzia anayekata tiketi, ambayo kwenye chombo chochote cha majini inampa mtu fursa ya kusema "wametosha", na kueleza ni nini hasa kingemzuia kulisema neno hilo mtu aliye kwenye nafasi hiyo.

Kipindi cha sheria na historia ya maadili kilinisikitisha, kwa sababu kilibanwa katika saa za mwisho. Mkufunzi alipita juu juu miiko ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba za kupangisha, akagusa ilivyolegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na kufikia Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi kama mawaziri, wabunge na madiwani kutoa tamko la mali na madeni yao. Washiriki wengi waliondoka wakidhani kwamba sheria hiyo inawabana hata viongozi wa SACCOS. Sisi tunasimamiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mafunzo yanayolenga maadili hayapaswi kuliacha jambo hilo bila ufafanuzi.

Dodoso la kujipima lilikuwa na maswali ya ofisini, kama vile namna ya kugawa kazi kwa idara, ambayo hayana maana kwa kiongozi ambaye ofisi yake ni kivuli cha mwembe karibu na mizani ya samaki. Ukumbi ni safi, chakula cha mchana kinatosha, na muda unaheshimiwa.

Kwa ujumla ninaona ada hiyo inalipa kwa mwenyekiti, katibu au mweka hazina ambaye ameshika nafasi kwa miaka kadhaa na ana watu chini yake. Kiongozi aliyechaguliwa mwezi uliopita angoje kwanza, kwani bahasha zake hazitakuwa na la kumwambia. Chama kitakachopeleka watu kipeleke wawili wanaofanya kazi pamoja, kidai karatasi za bahasha zikusanywe na mjumbe wa kamati ya usimamizi, na kiwaombe wakufunzi mapema waitenge asubuhi moja nzima kwa ajili ya sheria inayowahusu wao.