Jigleri ya 115 yenye tundu la 130: uzoefu wangu na garaji moja ya Lubumbashi

Garaji yenyewe siitaji jina, na nina hasira nayo bado. Gari ni Renault 5 GT Turbo, la zile ambazo turbo inasukuma hewa kupitia kabureta badala ya kuinyonya. Tatizo nililolipeleka lilikuwa moja tu: turbo ikishika, gari linakata kana kwamba esansi (petroli) imeisha, ukiachia mguu linarudi. Hilo walilitibu, na walilitibu vizuri. Lakini waligusa kitu ambacho hakuna aliyewaomba wakiguse, na hawakusema.

Gari lilirudi na harufu. Silensa nyeusi tii, buji zote nne (plagi za kuwasha moto) zimevaa masizi makavu, na ukikanyaga kwenye gia ya tatu injini inazama kama imefunikwa blanketi, kisha inatapika moshi. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili, kinanuka esansi. Hapo mtu yeyote anayejua kabureta anafungua kifuniko, hasubiri.

Jigleri kuu, kile kipande cha shaba chenye tundu kinachopima esansi ndani ya kabureta, ilitoka na namba yake ikisomeka safi: 115. Ielekeze kwenye jua, uone. Ndani ya tundu kuna mikwaruzo inayozunguka kama uzi wa skrubu. Mdomo wake ulioinama taratibu, ule unaoingiza esansi bila msukosuko, umeliwa upande mmoja. Na chini umening'inia ukucha wa shaba, mwembamba kama unywele. Shina la meshi (ncha ya kutobolea) ya milimita 1.20 lilipita bila kugusa. La 1.30 likapita kwa kubana kidogo.

Kwa jigleri za aina hii namba ni sehemu za mia za milimita: 115 ni milimita 1.15. Wengi wanaona kutoka 1.15 kwenda 1.30 ni kitu kidogo. Si kidogo, kwa sababu esansi inapita kwenye eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba wa kipenyo. Gawanya 1.30 kwa 1.15, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.28. Ni asilimia 28 zaidi ya esansi. Injini ya turbo iliyobebeshwa mzigo inataka takriban sehemu 12 za hewa kwa moja ya esansi. Hapa inapewa kama 9.4. Buji haiwezi kuwasha mchanganyiko huo sawasawa. Esansi isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye kata, bakuli la oili chini ya injini, ndiyo maana ya ile harufu ya kijiti.

Nilipouliza, mwenye garaji hakuinuka hata kwenye kiti. «Papa, Lubumbashi iko juu, hewa ni kidogo, njo maana motere inaomba esansi mingi.» Akageuka kuongea na mteja mwingine. Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma kuliko tundu lenyewe, kwa sababu ni kinyume kabisa cha kweli, na atamwambia mwingine kesho.

Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 11. Hewa ikipungua, injini inahitaji esansi PUNGUFU. Kabureta yenyewe haijui: inapunguza kidogo tu, si kwa kiasi chote, kwa hiyo gari lililopimwa usawa wa bahari likifika hapa tayari linakunywa kama asilimia 6 ya ziada. Turbo inafidia sehemu, haifidii yote, maana kopo linalofungua mlango wa gesi ya turbo linapima presha juu ya ile ya nje, na ya nje imeshuka. Kwa hiyo kama ulikuwa na nia ya kugusa 115 kwa ajili ya kimo cha mji huu, ungeshuka kwenda 112 hivi. Hupandi. Kupanda ni pale tu umeongeza presha ya turbo, na hapo unapanda hatua moja, milimita 0.025 au 0.05, unajaribu, unatazama buji.

Sasa haki yao. Ile kazi niliyowapelekea ilifanywa na kijana mmoja mtulivu, na sijaona kazi safi kama ile. Kwenye mfumo huu, turbo ikisukuma bar 0.7 ndani ya kabureta, bakuli la boya, linaloweka esansi ndani ya kabureta, nalo lina bar 0.7. Esansi ikija na bar 0.25 yake haiingii; inasukumwa nyuma. Ndiyo maana regileta ya esansi ina kimpira chembamba kinachoiletea habari ya presha ya turbo, ili esansi ibaki juu yake kwa bar 0.2 hadi 0.3 wakati wote. Kimpira hicho kilikuwa kimepasuka pale kinapoinama. Kijana alikibadilisha, kisha hakuniambia «imekwisha». Alifunga saa ya presha kwenye mrija wa esansi, akaunga pampu ya baiskeli kwenye regileta, akapuliza bar 0.5. Mshale ukapanda kutoka 0.25 hadi 0.75 na ukatulia hapo. Halafu akapaka maji ya sabuni kwenye kabureta ikiwa na presha: povu likachemka kwenye mhimili wa kipepeo, kile kibamba kinachofungua njia ya hewa, upande wa kebo. Akaweka sili mpya bila kuulizwa.

Kasoro ya kimpira ingeachwa, bakuli lingeendelea kukauka kila turbo ikishika, na mchanganyiko mkavu, wenye esansi kidogo mno, chini ya presha unatoboa pistoni. Kwa hiyo kijana aliokoa injini, nakiri. Nakiri pia kwamba esansi nyingi haitoboi pistoni kwa haraka hiyo. Lakini injini iliyokuwa imeshapona kwa kimpira na sili, kwa nini uichimbie jigleri? Aliyeshika meshi hakuwa kijana. Gari lilipokata, mtu alidhani njaa imetoka kwenye jigleri, akapanua, na namba akaiacha. Hapo ndipo kosa lilipo. Fundi wa kesho ataisoma 115, ataiamini, ataanza kuhangaika na jigleri ya hewa, boya, sindano, moto wa buji, kila kitu isipokuwa ile.

Jigleri mpya ikichelewa, hii inaokoleka: jaza tundu kwa risasi ya kuchomea, toboa tena kwa meshi ya 1.10 iliyoshikwa kwa vidole, si kwa keekee ya umeme, kisha 1.15. Puliza kwa hewa, usichokoe kwa waya. Jaribu kwenye barabara ya Likasi: gia ya tatu, mguu chini hadi mizunguko ya juu, kanyaga klachi na zima moto kwa pamoja, ufunguo urudi hatua moja tu usukani usijifunge. Chomoa buji pale pale. Kahawia ni sawa. Nyeupe yenye vidoa vya kung'aa, acha kukanyaga. Hii ya risasi sasa inatoa kahawia.

Nilianza nikisema kwa moyo wangu sitarudi. Kwa regileta, mipira na sili nitarudi, na nitaomba kijana yule. Wakianza kuandika kwenye risiti namba ya jigleri waliyoitoa na waliyoirudisha, na wakifuta namba ya kila waliyoipanua, hasira hii nitaiweka chini. Kwa sasa kichwa cha jigleri kina mstari wa rangi nyekundu unaotoka kwenye shaba hadi kwenye mwili wa kabureta. Ikizungushwa hata robo, rangi inakatika.