Discogs kwa wasaka santuri za promosheni

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiitumia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana santuri, kusaka santuri za promosheni, yaani zile nakala chache ambazo kampuni za kurekodi huwapa bure ma-DJ, watangazaji na wahakiki kabla muziki haujafika madukani. Uamuzi wangu ni kwamba Discogs ni daftari zuri ajabu la kumbukumbu, ila kama soko inamtaka mnunuzi awe macho.

Thamani ya nakala hizi haitokani na uchache wake tu. Mwaka 1975 ma-DJ wa New York, akiwemo David Mancuso, walianzisha chama cha kupokea santuri kutoka kwa kampuni na kugawana, na katika kipindi hicho santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja ilikuwa bado ni kitu cha ma-DJ, kwa kuwa ilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1976. Ndiyo maana baadhi ya miksi ndefu, yaani matoleo ya wimbo yaliyorefushwa, zinapatikana kwenye nakala za promosheni peke yake, na DJ anayeitaka miksi hiyo hana njia nyingine.

Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, hutenganisha kila toleo la santuri moja: la nchi hii na la nchi ile, la kuuzwa na la promosheni, lebo nyeupe na nakala ya majaribio ya kiwandani. Ugumu unaanzia kwenye lebo nyeupe, kwa sababu mara nyingi haina jina la msanii wala la wimbo, pengine muhuri tu au mwandiko wa kalamu, na taarifa zote huingizwa na watumiaji wenyewe, wengine makini na wengine wenye pupa.

Hapo ndipo santuri yenyewe inapotoa ushahidi. Iinamishe chini ya taa, utazame ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo ya katikati: utaona namba zilizokwaruzwa kwa mkono au kupigwa chapa, na wakati mwingine saini ya fundi aliyeichonga. George Peckham, kwa mfano, alikuwa akiacha maneno “A Porky Prime Cut”. Ukilinganisha alama hizo na zilizoandikwa kwenye ukurasa wa toleo husika, unapata ushahidi mzito kuliko maelezo ya muuzaji.

Somo hilo nililipata kwa uchungu. Muuzaji mmoja aliniletea santuri aliyoiita ya promosheni, nami nikakuta ni nakala ya kawaida kabisa iliyobandikwa stika ya dhahabu kwenye jalada, huku namba za pembeni mwa lebo zikiwa zilezile za nakala ya dukani. Sehemu ya fedha ilirudi baada ya mabishano marefu. (Maneno “si ya kuuzwa” yanayoandikwa kwenye nakala za promosheni yasikutishe, kwani mwaka 2011 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba aliyeziuza tena diski za promosheni hakuvunja haki za kampuni.)

Historia ya mauzo inasaidia pale santuri inapouzwa mara kwa mara. Iliyouzwa mara mbili tu haiwezi kukupa bei ya kati yenye maana. Daraja za hali, yaani alama za uzima wa nakala, nazo zisomwe mbili mbili, ya santuri na ya jalada, maana promosheni nyingi zilisafiri katika jalada tupu la karatasi na zikachezwa usiku kucha na watu waliokuwa kazini.

Ninachokitegemea zaidi ni orodha ya santuri ninazozitaka, ambayo hunitumia barua pepe nakala inapoingia sokoni. Siku hizi humwomba muuzaji kwanza picha ya zile namba, na zaidi ya mara moja mtu mwingine amenunua wakati nikisubiri jibu.