Uzoefu wangu: Kuzunguka Annapurna kwa miguu na kuvuka Thorong La

Hii ni tathmini ya kifurushi cha kuzunguka safu ya Annapurna nchini Nepal kwa miguu. Unaanzia Besisahar (mita 760), unafuata mto Marsyangdi hadi Manang, unavuka pito la Thorong La (sehemu ya kupitia mlimani, kati ya vilele) kwenye mita 5,416, kisha unateremkia Muktinath na bonde la Kali Gandaki. Nimekwenda kupitia wakala wa Kathmandu, na safari yenyewe naipendekeza kwa moyo mweupe. Sharti langu ni moja: usilipe hata senti kabla hujaandikiwa kila usiku utalala mita ngapi.

Sababu ni barabara. Siku hizi magari yanafika Chame na yanapanda hadi Manang penyewe, mita 3,540. Kwa wakala, kila siku ya kutembea inayofutwa ni kitanda, chakula na posho ya mwongozaji vilivyookolewa. Ndiyo maana ratiba za bei chee zinakupakia garini Besisahar na kukushusha Manang au jirani yake mara moja. Jana ulilala chini ya mita 1,000, leo unalala juu ya 3,500, na mwili haujapata muda wa kuzoea hewa nyepesi ya juu, ndipo ugonjwa wa mwinuko unapoanza. Ratiba ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya namna hiyo, nikaikataa. Wanaoujua Kilimanjaro watanielewa: ni sawa na kuchukuliwa Moshi mjini asubuhi na kulazwa kambi ya Horombo usiku uleule.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usizidi wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne ukae usiku wa ziada mahali pamoja. Ratiba inayoheshimu kanuni hii inakwenda hivi: Jagat (1,300), Dharapani (1,860), Chame (2,670), Pisang ya Juu (3,300), Ngawal (3,660), Manang usiku mbili, Yak Kharka (4,050), Thorong Phedi (4,450), halafu pito na kulala Muktinath, karibu mita 3,760. Kutoka Chame hadi Pisang panazidi kidogo, lakini Ngawal na Manang zinakupa usiku tatu kwenye mwinuko karibu uleule, mwili unalipwa deni lake. Gari nalikubali mpaka Dharapani. Huko chini barabara imemeza sehemu kubwa ya njia ya zamani, vumbi ni jingi, na hakuna unachopoteza.

Kati ya Pisang na Manang kuna njia mbili, na hapa ndipo utakapomjua mwongozaji wako. Ya chini inafuata barabara kupitia Humde, ni tambarare, unaimaliza mapema. Ya juu inapanda kona kwa kona hadi Ghyaru kwenye mita 3,670, karibu mita 400 za kupanda mfululizo, kisha inaambaa ubavuni mwa mlima hadi Ngawal. Dai ya juu. Ng'ambo ya bonde unakuwa na Annapurna II (mita 7,937) mbele ya macho, na baadaye Gangapurna, bila kilima chochote cha kukuzuia. Faida kubwa zaidi ni ya mwili: unapanda, unalala juu, kesho yake unateremka kidogo kuingia Manang. Waliopita chini hufika Manang wakiwa na siku moja pungufu ya kuzoea mwinuko. Alama za njia ni mistari ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya mawe na kuta. Ukiona bluu na nyeupe, umeshika njia ya pembeni.

Siku ya mapumziko Manang si ya kulala. Panda juu, hata mita 300 au 400 zinatosha, kunywa chai, urudi kulala chini. Wenye nguvu huenda Ziwa la Barafu, karibu mita 4,600, lakini ni kupanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Kama kichwa kinauma hata kidogo, achana nalo. Saa tisa alasiri uwe umesharudi, maana msimu wa watalii zahanati ya Himalayan Rescue Association hutoa mazungumzo juu ya ugonjwa wa mwinuko saa hiyo, na unaweza kupimwa oksijeni ya damu. Katika huduma zote za njia hii, hiyo naiweka ya kwanza.

Kuhusu dawa, nitaeleza kinachotumika, nawe uongee na daktari wako kabla ya kuondoka. Asetazolamaidi (Diamox) miligramu 125 asubuhi na jioni ndiyo dozi ya kawaida ya kinga, ikianza siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama ganzi, utakojoa sana, na soda itakuwa na ladha mbaya. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Supu ya kitunguu saumu inayosifiwa kila nyumba ya wageni ni tamu na inakuongezea maji, ila haizuii ugonjwa. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au uchovu usio wa kawaida maana yake hupandi tena mpaka viishe. Ukiyumba kwenye mstari ulionyooka kama mlevi, au ukihema ukiwa umekaa tu na kukohoa mfululizo, unateremka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuteremka kwenyewe si kama Kilimanjaro, na jambo hili mawakala hawalisemi. Kule ukizidiwa kwenye kambi ya Barafu, saa chache baadaye umeshaingia msituni. Huku bonde limelala: kutoka Thorong Phedi hadi Manang unatembea kilomita nyingi ili ushuke mita 900 tu, na kutoka Manang hadi kwenye mwinuko wa chini ya mita 3,000 ni mwendo mrefu tena. Kwa hiyo uamuzi wa kurudi hufanywa mapema, Manang au Yak Kharka, mgonjwa akiwa bado ana miguu yake.

Sasa siku ya pito. Wengi hutaka kulala Kambi ya Juu, karibu mita 4,880, ili kufupisha asubuhi. Mimi nasema lala Phedi. Mchana panda hadi Kambi ya Juu, kunywa chai, rudi. Unaamka saa kumi alfajiri, unaondoka saa kumi na moja. Kupanda ni karibu mita 970, saa nne hadi sita, na lengo ni kuwa juu kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu baada ya hapo upepo unakuwa mkali kiasi cha kukuyumbisha. Hewani juu pale kuna karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Hatua moja, pumzi moja, hakuna kushindana.

Kinachoharibika asubuhi hiyo kinajulikana. Mpira wa mfuko wa maji unaganda nusu saa ya kwanza. Kila ukinywa, puliza maji yarudi ndani ya mfuko, au beba chupa ngumu tu, uigeuze kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Betri za simu na tochi ya kichwani zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili ufunge zipu bila kuacha ngozi wazi. Oktoba na Novemba usiku wa Phedi hufika nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri. Blanketi za nyumba za wageni ni nyongeza tu. Theluji ikiwa imekanyagwa ikawa barafu, vaa vyuma vyenye meno vinavyovutwa juu ya kiatu. Vinauzwa Thamel, Kathmandu, na vinahitajika zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Ni zaidi ya mita 1,600 mfululizo hadi Muktinath, changarawe na miteremko mikali, baada ya mwili kuchoka. Fimbo mbili za kutembelea ni lazima, na kamba za viatu zikazwe upya pale juu, kisigino kirudi nyuma, la sivyo kucha za dole gumba zitakuwa nyeusi ukifika.

Na theluji ikianza kuanguka ukiwa Phedi, kaa. Oktoba 2014 masalia ya kimbunga Hudhud yalileta dhoruba ya theluji ambayo iliua zaidi ya watu 40 katika eneo hili, katikati ya msimu unaosemwa kuwa wa hali nzuri. Ndiyo maana nataka ratiba iwe na siku mbili za akiba. Wakala akikuambia siku za akiba hazihitajiki, tafuta mwingine.

Kuhusu wapagazi nina neno. Kilimanjaro mzigo unapimwa getini na kikomo ni kilo 20. Huku hakuna mizani njiani, na mpagazi mmoja huweza kufungiwa mizigo ya wateja wawili bila wewe kujua. Tena mizigo yote inavuka pito pamoja nanyi. Hakuna kuiacha kambini na kuirudia. Kwa hiyo mpagazi anafika mita 5,416 kama wewe, na anahitaji koti, glavu, miwani ya jua na viatu vya maana. Uliza kabla ya kulipa: amewekewa bima? Analala na kula wapi? Begi lako lisizidi kilo 12. Kagua nguo zake Besisahar, siyo Phedi.

Malazi ni nyumba za wageni zenye vitanda viwili vya mbao, na chumba ni rahisi kwa makubaliano kwamba utakula hapo hapo. Dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, huongezwa mpaka useme basi. Hakuna chakula kingine chenye thamani hiyo. Nyama juu ya Chame niliiacha, kwa kuwa hubebwa siku kadhaa bila jokofu. Maji ya kunywa yaliyosafishwa huuzwa kwa lita katika vituo vya Safe Drinking Water, nafuu kuliko chupa za plastiki. Kuchaji simu na kuoga maji moto hulipiwa kando, na bei hupanda kadiri mnavyopanda. Beba rupia taslimu za safari nzima hadi Jomsom, mji wa upande wa pili wa pito.

Ziwa Tilicho (mita 4,919) ni nyongeza nzuri inayofaa kufanywa baada ya Manang. Tahadhari ni moja: kabla ya Kambi ya Tilicho kuna mteremko wa kokoto zinazoporomoka. Vuka asubuhi, mmoja mmoja, macho juu, bila kusimama kupiga picha.

Baada ya Muktinath, ambako mabomba 108 ya maji matakatifu huwavuta mahujaji wa Kihindu na Kibudha, adui ni upepo wa Kali Gandaki. Huanza kukaza kuelekea saa tano asubuhi na hupanda bonde, maana yake unakupiga usoni ukishuka Kagbeni kwenda Jomsom na Marpha. Ondoka saa kumi na mbili. Upepo huo ndio unaofanya ndege za Jomsom–Pokhara ziruke asubuhi tu, na zinaahirishwa mara kwa mara. Usipange ndege ya kurudi nyumbani siku inayofuata.

Vibali: ACAP (cha kuingia eneo la hifadhi la Annapurna) rupia 3,000 na TIMS (kadi ya usajili wa watembeaji) rupia 2,000, na tangu Aprili 2023 kanuni inamtaka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni. Viza ya siku 30 ni dola 50. Bima isome kwa makini, nyingi zinaishia mita 4,000 au 4,500. Tafuta inayotaja mita 6,000 na uokoaji kwa helikopta. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza uokoaji wa helikopta usio wa lazima uliokuwa ukidaiwa kwa kampuni za bima, kwa hiyo namba ya dharura ya bima yako uibebe mwenyewe na uipigie wewe kabla mtu hajaagiza helikopta kwa jina lako.