Bango la ukutani la historia ya haki za wanawake: kura imepewa nafasi, nyumba imebanwa

Nyota nne kati ya tano. Nafundisha darasa la jioni la kina mama waliokatiza masomo, na bango hili limekuwa mbele ya darasa tangu muhula uanze. Linakuja limeviringishwa. Lilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kulitundika, la sivyo pembe zinajikunja. Lina mistari mitatu, toka Babeli hadi leo: mali, ndoa na watoto, kura.

Sehemu ya kale ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zimepewa sentensi mbili tu, lakini zilizochaguliwa kwa makini: mke akishikwa na maradhi, mume aliweza kuoa mwingine, ila mgonjwa hakufukuzwa, ilibidi atunzwe humo humo nyumbani maisha yake yote. Pembeni yupo mke wa Misri ya kale anayemiliki shamba na kwenda mahakamani mwenyewe. Karne ya 7, Qurani inamtajia mwanamke fungu lake la mirathi. Halafu unafika Uingereza ya karne ya 19, ambako ujira wa mke ulikuwa wa mumewe hadi sheria ya 1870, na mke hakupata kumiliki mali kikamilifu hadi ile ya 1882. Wanafunzi walidhani nimesoma vibaya.

Jioni moja mama mmoja aliweka kidole kwenye 1839, penye jina la mwandishi Mwingereza, Caroline Norton. "Mwalimu, kabla ya hapo watoto walikuwa wa nani?" Wa baba, nikamjibu. Norton alitengana na mumewe, akanyang'anywa wanawe watatu, na sheria haikumpa hata haki ya kuwaona. Akaandika, akahangaika, hadi Bunge likakubali mama aweze kuiomba mahakama impe watoto walio chini ya miaka saba. Yule mama hakuondoa kidole. "Saba tu? Na wa nane je?" Tulipanga kusoma hesabu jioni ile, hatukuzigusa.

Ninapolaumu ni kuanzia 1893. New Zealand inawapa wanawake kura, na tangu hapo mstari wa kura unanenepa kwa picha na herufi kubwa, huku ule wa ndoa ukikonda mpaka usogee karibu ndipo uusome. Ufaransa imeandikwa 1944, mwaka wanawake walipopata kura, basi. Lakini mume wa Kifaransa aliendelea kuwa na uwezo wa kumzuia mkewe asifanye kazi, na mke hakuweza kujifungulia akaunti ya benki bila ridhaa yake, hadi sheria ya 1965. Uswisi nayo imeishia 1971. Sheria ya ndoa iliyomvua mume ukuu wa nyumba ilipita kwa kura ya maoni mwaka 1985, ikaanza kutumika 1988. Kwa kina mama ninaowafundisha, huko ndiko sheria inakowagusa kila siku: nani anatia saini, watoto wanabaki na nani, mshahara ni wa nani.

Miaka hiyo nimeiongeza mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Juu ya plastiki wino haudumu, kila wiki naandika upya. Watengenezaji, toleo lijalo naomba mwichape.