Ngorongoro kwenye ukungu: mwombe dereva asubiri

Watu wengi hulala Karatu, mji wa karibu, wakimuwaza kifaru, alfajiri wakapita kingoni mwa kreta, lile bonde la volkano, kama wanakimbizwa. Mimi nasema msiharakishe. Nilikwenda Julai, miezi ya baridi, na kilichonijaza moyo ni ule ukungu wa juu.

Ukishavuka geti la Loduare, gari linapanda ndani ya msitu mzito. Miti imevishwa kuvumwani (lichen) za kijivu zinazoning'inia kama ndevu, na barabara mbele huioni. Pale mahali pa kutazamia kreta tulikuta weupe mtupu. Dereva wetu, kijana mtulivu anayeijua kazi yake, akazima injini: "Dada, tungoje kidogo. Utafunguka." Namshukuru sana. Ukungu ulianza kupasuka taratibu: kwanza ukatokea mng'ao wa Ziwa Magadi, kisha msitu wa Lerai, halafu bonde zima, kilomita za mraba 260 hivi, mita 600 chini ya miguu yetu. Na haufunguki mara moja. Unafunga tena, unafungua upande mwingine, kila safari ukionyesha kipande kipya. Sijawahi kuona mandhari yanayobadilika hivyo mtu akiwa amesimama palepale.

Dereva alitueleza kuwa upepo unyevu wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa, ndipo mawingu hukaa kingoni. Hapo zamani ulikuwa mlima mkubwa wa volkano. Kilele kilididimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na moto wake umekwisha zima. Ukijua hivyo, ukiitazama ile kingo iliyozunguka bila kukatika, unahisi ukubwa wa mlima usiokuwepo tena.

Tulishuka kwa njia ya Seneto. Chini kulikuwa na jua na vumbi. Nyumbu, pundamilia, viboko wa bwawa la Ngoitokitok. Vizuri vyote, ila twiga msimtafute, hashuki kuta zile.

Huduma naipa alama zote kwa sababu ya ule uvumilivu wa dereva. Kabla ya kulipa, ulizeni kama ada ya gari kushuka kreta imo kwenye bei, maana ni tofauti na kiingilio. Bebeni koti zito na kofia. Baridi ya pale juu si ya sweta jepesi.