Mafundi friji za gari Gerezani: kazi safi, muda wao sasa!

Hiace yetu ya kulala ilikuwa na friji ya gesi, ikafa, nikanunua ya kompresa ya volti 12 nikapeleka kwa mafundi wa AC za magari pale Gerezani. Jamaa wanajua. Fundi mwingine alishataka kuziba yale matundu ya ukutani ya friji ya gesi, hawa wakagoma kabisa, moja lipo chini la kuingiza hewa na lingine juu la kutolea joto, maana friji inatema joto lote kwa nyuma na ukiifungia kabatini na jua hili la Dar kompresa haipumziki, asubuhi betri imeisha. Wakaongeza kafeni kadogo na wavu wa mbu. Waya mwembamba wa zamani wakautoa wakavuta mnene, fyuzi karibu na betri, na hapo ndo nikawakubali. Ila "njoo kesho bosi" zao aisee! Na silikoni wamepaka kama wanapiga lipu. Bei usikubali ya kwanza, na ukipeleka gari kaa hapohapo mpaka wamalize.