Kwa Babu wa vifungo, Moshi: anakata hata robo

Mimi ni mfanyakazi wa maktaba hapa Moshi. Jioni, nikishavua viatu na kuinjika chai, natengeneza madaftari: karatasi nazishona kwa mkono, jalada nalivalisha kitenge. Mtu mwenye hobi kama hii mji wetu unamtesa kwa jambo moja, vipimo. Gundi wanauza kwa galoni. Boksi gumu la jalada wanataka ubebe bunda zima. Kitenge ukiomba nusu mita, muuzaji anakutazama kama umemwomba akuuzie mkono mmoja wa shati. Mimi nahitaji kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, na mishahara yetu mnaijua.

Duka ninalotaka kulisifia, na kulilalamikia kidogo, liko uchochoroni nyuma ya soko, kati ya fundi saa na mama anayeuza mabeseni. Halina kibao. Ukiuliza "kwa Babu wa vifungo" mtoto yeyote atakupeleka. Ndani ni pembamba, mteja mmoja akiinama kutazama zipu, wa pili inabidi asubiri barazani.

Babu anakaa nyuma ya meza ya mbao. Mjukuu wake, binti wa miaka ishirini hivi, ndiye anayepanda ngazi. Ukuta mzima nyuma yao ni makopo ya biskuti, yamepangwa hadi darini. Siku ya kwanza nilisikitika kimaktaba: vitu vyote vile na hakuna lebo hata moja! Kisha nikatazama vizuri. Kila kopo limetobolewa usoni na kufungwa kwa waya kifungo kimoja, au kipande cha zipu, au kitanzi cha lastiki, mfano wa kilichomo ndani. Hata asiyejua kusoma anajihudumia. Sisi maktaba tuna namba za Dewey, za kupanga vitabu rafuni kwa mada, 746.43 kwa mambo ya kufuma, 686.3 kwa kujalidi vitabu, na bado msomaji anazunguka rafu nusu saa ndipo aje kaunta. Kwa Babu sijaona mtu akipotea.

Nilichofuata siku ile ni uzi. Uzi wa cherehani ni mwembamba, ukiukaza unakata karatasi kama wembe. Uzi wa fundi viatu una nguvu, lakini ule wa nailoni unateleza, fundo halikai.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Cha nini?"

Ndivyo anavyopokea watu. Kwingine unaulizwa unataka nini, umalize uondoke. Nikamwambia nashona kitabu. Akanyamaza kidogo, akamwambia mjukuu ashushe kopo la juu kabisa, akatoa uzi wa pamba, ule uliosokotwa wa kufumia vitambaa vya makochi, rangi ya maziwa. Akauvuta urefu wa mkono, akaukaza mara mbili karibu na sikio kama mpiga zeze anayetafuta sauti.

"Huu. Ila kaupake nta."

Nta hana, akanielekeza kwa wauza asali. Nilipata donge la ukubwa wa kipande cha sabuni na hadi leo halijaisha. Unaubana uzi kwa kidole gumba juu ya nta, unauvuta mara mbili, tatu, mpaka unalia kidogo. Unatoka umekakamaa, haujisokoti wala kujifunga vifundo njiani, na ukiukaza kwenye karatasi unashika hapohapo. Kwa uzi huo pekee duka hili ningelipa nyota zote.

Sindano pia zipo za kila unene, na anakuuzia moja moja. Nilichukua moja ya tundu kubwa na ncha butu, kwa sababu matundu natoboa kwanza, kisha sindano inapita tu. Ukishona kwa ncha kali unajikuta unatoboa uzi wako mwenyewe.

Daftari langu la kawaida lina karatasi 20 za A4. Nazikunja katikati nne nne, kila mkunjo unatoa kurasa 16, mikunjo mitano kurasa 80. Rimu moja ya karatasi 500 inanipa madaftari 25, kama sijaharibu. Na hapa niweke neno kwa wanaotaka kujaribu: karatasi ina upande wake, kama mbao. Ichane. Upande mmoja inachanika moja kwa moja, mwingine inakwenda kombo. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja kupata A5 unakwenda kinyume chake, na daftari linakataa kulala wazi mezani. Siku hizi nanunua A3 na kuzikata nusu, mkunjo unafuata nyuzi. Hilo Babu hahusiki nalo, karatasi hauzi.

Sasa malalamiko.

Mwezi uliopita dada mmoja ninayefanya naye kazi alinipa oda ya madaftari sita ya kamati ya sendofu ya mdogo wake. Yote ya kitenge kimoja, bluu yenye maua ya njano. Nilipiga hesabu zangu usiku. Kwa jalada moja nahitaji kitambaa cha kimo sentimita 24.5 na upana 36, pamoja na cha kukunjia ndani. Kitenge hicho kina upana wa kama sentimita 115, yanatoka majalada matatu kwa mstari. Mistari miwili ni sentimita 49. Nusu mita inatosha, na sentimita moja inabaki ya kutishia mkasi. Nikaenda, Babu alikuwa msikitini, mjukuu akanipimia. Nikalipa, nikaenda zangu.

Nyumbani nikakata mstari wa kwanza vizuri. Wa pili haukutosha. Nilidhani nimekosea kukata, nikapima tena kwa rula: kipande kizima kilikuwa sentimita 46. Nilikaa chini. Sendofu ilikuwa Jumamosi, siku hiyo Jumatano usiku.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilikuwa mlangoni. Babu hakushangaa hata kidogo. Akanivuta nione meza yake. Kwenye ukingo kuna misumari miwili ya shaba, vichwa vyake vimesuguliwa na vitambaa mpaka vinang'aa, na katikati yao mkato wa kisu. Kutoka msumari hadi msumari ni yadi moja. Mkato ni nusu yadi.

"Sisi hapa ni yadi, mwanangu. Nusu mita hatuna."

"Lakini nilisema mita, Babu."

"Kila mtu anasema mita. Wanaondoka na yadi."

Yadi ni sentimita 91 na kidogo. Kwa anayeshona gauni tofauti inamezwa na pindo. Kwangu mimi ni majalada matatu. Ilibidi ninunue nusu yadi nyingine, na hakunipunguzia hata shilingi mia. Bahati pisi ile ilikuwa bado haijaisha. Kwa hiyo ukienda, taja sentimita na usimamie kipimo kwa futi yako ya mkononi. Mjukuu ni binti mstaarabu, hakasiriki.

La pili ni gundi. Usinunue gundi pale. Ile nyeupe ya vichupa vidogo imejazwa kutoka kwenye ndoo na nina hakika ilikutana na maji njiani. Niliipaka kwenye boksi, asubuhi jalada limejikunja kama chapati iliyosahauliwa, ingawa lilikuwa limelalia chini ya pasi ya mkaa ya marehemu bibi usiku kucha. (Pasi hiyo hainyooshi nguo tena, ndiyo mashine yangu ya kukandamizia.) Gundi nzito ya mafundi seremala ndiyo inayofaa, paka nyembamba, anzia katikati kwenda nje.

Wapo watakaosema tumia uji mzito wa unga wa ngano kama zamani. Unashika, sikatai, na karatasi inaupenda. Ila mende nao wanaupenda. Na tafadhali msitumie selotepu. Mzee aliyenifundisha kukarabati vitabu kazini, sasa kastaafu, alikuwa akikuta kitabu cha watoto kimebandikwa selotepu anakishika kwa vidole viwili kama panya. Baada ya miaka plastiki inang'oka yenyewe, gundi yake inabaki kwenye ukurasa, doa la njano lisilotoka.

Bei sina neno, ni za mtu anayetaka urudi. Pesa taslimu ndiyo inayopendwa, na uwe na chenji. Pesa ya simu anapokea mjukuu, kwa simu yake, kwa hiyo akiwa ametumwa sokoni utamsubiri. Ijumaa kuanzia saa sita wanafunga, wanafungua tena saa nane na nusu hivi. Jumapili usijisumbue. Vitenge si vingi, pisi saba au nane tu, mimi nyingi nachanganya na vipande ninavyookota kwa mafundi wa barazani. Lakini lesi, bitana, kaniki, bafta, vyote anakata. Nimemwona akimuuzia mwanafunzi vifungo viwili, mtoto kashika shati la shule mkononi, na kopo likashushwa kutoka darini kwa ajili ya vifungo hivyo viwili.

Wiki jana nilimwonyesha daftari moja la ile sendofu lililobaki. Aliligeuza, akalifungua katikati, akapitisha ukucha kwenye mshono kuutafuta uzi wake. Halafu akasema anataka moja, kubwa, jalada la kaniki, la kuandikia madeni. Nikamuuliza urefu gani. Akaliweka daftari lake kuukuu mezani, akalisogeza hadi kwenye msumari, akaonyesha kwa kidole lilipoishia, vidole vitatu kabla ya mkato.

Nikatoa rula yangu nikapima: sentimita 40. Bei nilipomtajia akacheka sana, mjukuu akacheka, na bado hatujaafikiana.